Jinsi ya kuchora kolam na rangoli kwa mkono mtupu

Diwali ikikaribia, watu wanaofanya kazi kwenye maduka na ofisi za Wahindi hapa Dar huanza kuniuliza namna ya kuchora yale maua ya unga mlangoni. Mwaka huu ilikuwa zamu ya binamu yangu, muuzaji wa vitambaa. Mama mwenye duka, Mgujarati, alimwomba asaidie kupamba kizingiti. Binamu akaja kwangu na picha za tausi na mayungiyungi kwenye simu. Nikamwambia aiweke simu pembeni, nikampa bakuli la unga, na jioni yote hatukuchora ua hata moja. Tulichora mistari. Siku ya sikukuu alipamba mlango peke yake, na nilichomfundisha ndicho ninachokiandika hapa.

Mimi nilifundishwa Chennai, kusini mwa India, nilipokuwa nasoma, na mama mwenye nyumba tuliyopanga. Sote tulimwita Amma. Huko, katika jimbo la Tamil Nadu, kolam ni kazi ya kila alfajiri: mlango unafagiwa, unanyunyiziwa maji, unachorwa kwa unga mweupe kabla watu hawajaanza kupita. Rangoli ndilo jina la Maharashtra na Karnataka, na Wagujarati wa kwetu nao hulitumia; mara nyingi ni ya rangi, imejazwa ndani, na ni ya sikukuu. Ukienda Andhra Pradesh na Telangana utasikia muggu. Bengal wana alpana, inayochorwa kwa uji wa mchele, na Kerala wakati wa sikukuu ya Onam hupanga petali za maua na kuita pookalam. Majina haya yatakusaidia ukitafuta mifano, maana ukiandika rangoli peke yake utaletewa mapambo ya rangi tu.

Hata kama unachotaka ni rangoli, anza na kolam. Rangi huficha mstari mbovu kwa muda, lakini ukifika kwenye mpaka wa nje kila mtu anauona.

Hatua ya 1: Unga

Tamil Nadu hutumia vitu viwili: unga wa mchele, au unga wa jiwe jeupe unaoitwa kola podi. Wa jiwe ni rahisi kwa bei na unateremka vizuri sana. Amma hakuutaka. Kwake unga wa mchele ni chakula cha sisimizi na ndege, kwa hiyo siku ya mwenye nyumba inaanza kwa kulisha viumbe wengine. Nami nimebaki na msimamo huo.

Unga wa mchele wa pakiti mara nyingi ni laini mno, unagandana kwenye vidole. Nunua mchele chenga, upeleke mashineni, mwambie asiulainishe. Uanike nusu siku, kisha uchekeche. Ukiubana kwa vidole viwili na kuuachia, uanguke chembechembe. Ukidondoka kwa mabonge bado una unyevu. Kama huna ila ule laini, changanya vikombe vitatu vyake na kikombe kimoja cha mchanga mweupe uliooshwa, ukakauka na kuchekechwa. Uweke kwenye chombo chake, usirudi jikoni tena.

Usitumie chokaa. Inaunguza ngozi, na ikikutana na sakafu yenye maji ndiyo inazidi. Watoto wakijipangusa macho ni hatari. Unga wa ngano unageuka gundi. Poda ya mtoto inapeperuka na kuingia kifuani. Chaki ya ubaoni inafaa kujifunzia mizunguko kwenye saruji, ila haifundishi vidole. Kuna pia vyombo vya plastiki vyenye matundu, unavikokota vinatoa mstari au ua zima. Sivipendekezi kwa anayejifunza, kwa sababu siku kimepotea hana anachokijua.

Hatua ya 2: Sakafu

Fagia, nyunyiza maji, subiri yanywewe. Sakafu iwe na ubaridi wa unyevu bila kung'aa. Saruji ya kawaida na udongo ulioshindiliwa ndivyo bora. Marumaru zinazoteleza hazishiki unga. Zipanguse kwa kitambaa kibichi, uchore papo hapo.

Hatua ya 3: Kushika unga na kuuachia

Usiiruke hatua hii. Watu wengi wanaosema "mkono wangu hauna sanaa" wamekwama hapa bila kujua, kwa sababu picha na video nyingi huanza mstari ukiwa tayari unatoka vidoleni.

Chota unga wa kujaa kiganja nusu. Vidole vitatu vya mwisho, yaani cha kati, cha pete na cha mwisho, vikunje kidogo vishike akiba. Kidole gumba kikae juu ya cha shahada, karibu na ncha, unga ukiwa katikati yao. Sasa sugua: gumba linasukuma unga mbele juu ya kidole cha shahada, kidogo kidogo, bila kufungua vidole. Unga unatoka kwa kusuguliwa. Ukifungua vidole ili uanguke, utapata donge, halafu pengo, halafu donge.

Kazi nyingine ni ya vidole vya akiba. Kila unga unapopungua kwenye ncha, vinabana kidogo na kusogeza mwingine mbele. Mwanzoni utakuwa unasimama kila baada ya shubiri moja kuchota upya, na hilo si kosa. Usimame tu mahali pazuri: mwisho wa mstari au kwenye makutano. Ukisimama katikati ya mkunjo, kiungo kitaonekana.

Kimo cha mkono juu ya sakafu kiwe upana wa kidole kimoja hadi viwili. Ukipanda juu zaidi, mstari unatawanyika na kingo zake zinakuwa na ukungu. Ukigusa sakafu, unaburuza unga uliokwisha kuuweka, na vidole vinashika maji. Vidole vikishika maji basi, osha, kausha kabisa, anza tena. Hakuna namna ya kuendelea navyo. Wenye viganja vya jasho wawe na kitambaa kikavu begani. Mafuta ya mikono na losheni vina shida hiyo hiyo, kwa hiyo usijipake kabla.

Mwendo. Hapa ndipo binamu yangu alipokwama muda mrefu kuliko pengine pote, na ndipo ninapowaona wengi wakikwama. Unga unatoka kwa kasi moja, ile ya kusugua. Mkono ukienda polepole mstari unanenepa, ukikimbia unakonda na kukatika. Anayejifunza huogopa, anakwenda polepole kwenye mkunjo na haraka kwenye mstari ulionyooka, na mchoro unatoka na vitumbo kila kona. Dawa yake ni kuchora mistari mitupu. Mstari wa urefu wa mkono, kutoka kushoto kwenda kulia, tena na tena, huku ukihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa sauti na kufika mwisho kwenye nne. Kisha kutoka juu kwenda chini. Kisha mshazari. Kisha nusu duara zilizofuatana kama mawimbi, kwa hesabu ile ile. Usifute, sogea pembeni uendelee, ili uione mistari yote pamoja na ujue ni wapi mkono wako unanenepesha.

Mkono wenyewe utoke begani na kwenye kiwiko. Kifundo cha mkono kikae kimya. Wanaochora hina watashangazwa na hili, kwa sababu hina inaongozwa na vidole na kifundo, na mkono wa pili umetulia mahali. Jicho la hina ni mtaji mkubwa hapa, jicho la kujua petali inaanzia wapi na inaishia wapi, lakini mkono itabidi uzoeshwe upya. Nimemwona mchora hina hodari akitoa mistari ya kutetemeka kwa sababu alitaka kuegemeza kiganja sakafuni.

Namna ya kukaa nayo ina maneno yake. Wanawake wa Kitamil huchora wamesimama na kuinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, na hivyo wanaliona umbo zima kutoka juu na kuhama hatua moja moja. Ndivyo mstari unavyotoka mrefu. Lakini kama mgongo wako haujazoea, chuchumaa au kaa kwenye kigoda kifupi, halafu kila baada ya muda simama uangalie. Usipige magoti: ukipiga magoti unategemea mkono mmoja, na nguo inaburuza kazi yako. Kanga ifungwe juu, ncha zisining'inie.

Kuna upepo pia. Zima feni. Kama uko nje na upepo wa bahari umeanza, geuka uupe mgongo, ushushe mkono mpaka karibu na sakafu. Hapa pwani alfajiri ni nzuri kwa sababu upepo umetulia, ila hewa ina unyevu na unga ulioachwa wazi usiku kucha unaganda. Uweke kwenye kopo lenye mfuniko na utoe wa kutosha tu.

Utajua umeivuka hatua hii ukichora mstari wa mkono mzima wenye unene mmoja, kisha ukachora mwingine sambamba nao pasipo kuugusa. Usiende mbele kabla ya hapo. Nalisisitiza kwa sababu napenda watu waone raha ya hatua ya tano, na raha hiyo haipo kama kila sentimita ya mstari inakupigia kelele.

Hatua ya 4: Nukta

Nukta huitwa pulli. Bana unga, karibia sakafu, achia mara moja. Nafasi kati ya nukta na nukta iwe vidole vinne kwa kuanzia.

Mifano ya Kitamil huandikwa kwa namba, na zina aina mbili. Ner pulli ni nukta zilizonyooka, kila moja chini ya mwenzake: "5–1 ner pulli" maana yake mstari wa kati una nukta 5, juu na chini yake 3, halafu 1. Idukku pulli ni nukta zinazoingia kwenye nafasi ya mstari uliotangulia: "7–4 idukku pulli" ni 7 katikati, kisha 6, 5 na 4 kwa kila upande, na jumla yake inatoa umbo la pembe sita. Siku zote anza na mstari wa kati, ule mrefu, uende juu kisha chini. Ukianzia juu, nukta zinapinda na utagundua ukiwa umeshafika chini.

Hatua ya 5: Sikku ya kwanza

Kolam ambayo mstari unazunguka nukta bila kuzigusa inaitwa sikku kolam. Masharti yake ni machache: kila nukta izungukwe, mstari usiguse nukta, na urudi ulipoanzia. Ndogo kuliko zote zinazofaa kujifunzia ni 1–3–1: nukta ya kati, na moja juu, chini, kushoto na kulia.

Katikati ya nukta ya kati na kila jirani yake weka alama jichoni mwako, si sakafuni. Ziite njia panda, ziko nne. Sheria ya njia panda ni moja: ukifika, vuka moja kwa moja upande wa pili, usikate kona hapo. Kona zinakatwa kwenye kuzunguka nukta tu.

Anza njia panda ya juu. Teremka mshazari kulia hadi njia panda ya kulia, nukta ya kati ikibaki kushoto kwa mstari. Vuka, pita chini ya nukta ya kulia, izunguke, rudi kwa juu yake mpaka njia panda ile ile. Vuka, teremka mshazari kushoto hadi njia panda ya chini. Vuka, pita kushoto kwa nukta ya chini, zunguka chini yake, panda kwa kulia kwake, rudi njia panda. Vuka, panda mshazari kushoto hadi njia panda ya kushoto. Vuka, pita juu ya nukta ya kushoto, izunguke, rudi kwa chini yake. Vuka, panda mshazari kulia hadi njia panda ya juu. Vuka, pita kulia kwa nukta ya juu, zunguka juu yake, shuka kwa kushoto kwake, na umefika ulipoanzia.

Nukta ya kati imekaa ndani ya pembenne iliyosimama kwa ncha, na zile nne za nje kila moja ina petali yake. Mstari ni mmoja. Angalia petali kwanza: zikiwa nyembamba, uliogopa kwenda mbali na nukta. Mzunguko wa nje wa petali uwe mbali na nukta sawa na njia panda ilivyo mbali nayo.

Mfundishe mtu umbo hili kwa kidole kwenye mchanga kabla ya unga. Ufukweni au uani, bonyeza nukta tano kwa ncha za vidole, fuatisha mstari kwa kidole kimoja. Akili ijifunze njia kwanza, unga usubiri. Afrika tunayo kazi hii hii kwa jina jingine: Wachokwe wa mashariki ya Angola na maeneo ya jirani ya Kongo na Zambia huchora sona, wanabonyeza nukta mchangani, wanazizungushia mstari, na mchoraji hodari hainui kidole huku akisimulia hadithi. UNESCO iliiingiza sona kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023. Mtu akiniambia kolam ni ya Wahindi tu na mkono wake hauiwezi, humwonyesha sona.

Hatua ya 6: Kukuza

Ukitaka kubwa zaidi, panga nukta kwa mstatili, weka njia panda kati ya kila nukta na jirani yake wa ubavuni, wa juu na wa chini, na fuata sheria ile ile. Mstari unakwenda mshazari, ukifika ukingoni unazunguka nukta ya nje na kurudi ndani.

Je, utakuwa mstari mmoja au mingi? Hapa hesabu za shule ya msingi zinasaidia. Chukua idadi ya nukta za upana na za urefu, tafuta kigawo kikubwa cha shirika, ile KKS ya darasani. Jibu ndiyo idadi ya mistari iliyofungwa. Nukta 2 kwa 3: KKS ni 1, mstari mmoja. 3 kwa 4: mmoja. 3 kwa 3: mitatu. 4 kwa 6: miwili. Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji, aliieleza jiometri hii kwa kirefu alipochunguza sona. Chennai kwenyewe, katika chuo cha Madras Christian College, Gift Siromoney na Rani Siromoney na wenzao walitumia kolam katika miaka ya 1970 kuunda sarufi za picha, yaani kanuni za kujenga picha kwa kompyuta. Amma hakuwahi kukaa na kalamu. Alitazama nukta na kusema huu utafunga kwa mstari mmoja, huu hautafunga.

Ukitaka mstari mmoja na idadi imekataa, ongeza safu moja ya nukta, kisha tafuta KKS upya. Ni rahisi kuliko kuanza kuziba njia panda, jambo linalowezekana lakini lisubiri mkono ukomae.

Hatua ya 7: Rangoli ya rangi

Sasa ndiyo maua. Kwa duara bila uzi wala sahani: weka nukta ya kati, pima shubiri moja kwenda pande nne, weka alama, kisha nne nyingine katikati yake, unganisha nane hizo kwa mkunjo wa taratibu. Ndani yake petali nane zitajipanga zenyewe. Ukipendelea yungiyungi la pembe sita, tumia nukta za 7–4.

Chora mpaka mwembamba, jaza rangi, kisha rudia mpaka mweupe juu. Watu huacha mpaka wa mwanzo uwe ndio wa mwisho, na rangi inaumeza. Rangi za tayari huuzwa msimu wa Diwali kwenye maduka ya vifaa vya ibada za Kihindu. Za nyumbani: tia matone ya rangi ya chakula kwenye unga wa mchele wa chenga au chumvi, sugua kwa mikono, anika kivulini. Bizari ya manjano ni nzuri kwa macho lakini inatia doa kwenye marumaru nyeupe na saruji changa, kwa hiyo itumie udongoni.

Mlangoni kwa Mhindu wakati wa Diwali utaona pia nyayo ndogo zikielekea ndani. Ni za Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, anayekaribishwa nyumbani. Waulize wenyewe kama wanazitaka na zichorwe wapi, uelekeo wao uwe wa kuingia. Na kama umefika nyumba ya Kitamil ukakuta asubuhi hakuna kolam, usijitolee kuchora: familia ikifiwa, mlango huachwa mtupu.

Mchoro ukishakamilika, utakanyagwa, sisimizi watabeba, na kesho utafagiwa. Piga picha kama unataka kumbukumbu, lakini usiuzungushie viti.

Mpangilio wa mazoezi ninaoupendekeza baada ya hapa ni huu: 1–3–1 mpaka uichore bila kuwaza, kisha 2 kwa 3, kisha 3 kwa 4, kisha ua la petali nane bila rangi, mwisho lenye rangi. Ukifika Chennai mwezi Januari, pita Mylapore, mtaa wa North Mada kando ya hekalu la Kapaleeshwarar, wakati wa mashindano ya kolam. Simama nyuma ya wanawake wazee na uangalie gumba la mkono wa kulia.